Nimechapa saketi nyumbani kwa printa, lakini moduli ya simu inakufa. Nirudi kwenye dawa?

Vifaranga_KSM
Habari za jioni wakuu. Niko Kisumu, Manyatta, na kazi yangu ni kuunda mashine za kuangulia vifaranga, zile za mayai 60 mpaka 300. Bodi ya ndani huwa najitengenezea: kipima joto, relei ya balbu, na moduli ya simu ya SIM800L inayomtumia mwenye kuku ujumbe stima ikipotea. Wafugaji mnajua. Mayai siku 21, nyuzi 37.5, na stima ikikatika saa nane usiku bila mtu kuamka, asubuhi ni matanga ya trei nzima.

Miaka minne sasa bodi nazitengeneza kwa pasi na ferikloraidi, ile dawa inayokula shaba isiyotakiwa. Sikatai, zinafanya kazi. Lakini mke wangu amechoka na sinki yenye doa la kutu lisilotoka, na mimi nimechoka na mengine. Mwezi uliopita nilitoa mchoro bila kuugeuza, nikaichoma shaba vizuri, nikatoboa matundu yote 94, ndipo nikaona IC yangu (chipu) imekaa kama inajitazama kwenye kioo. Siku nzima imeenda na maji.

Sasa binamu yangu amerudi kutoka Japani na kaniletea chupa ndogo ya wino wa fedha pamoja na karatasi zake maalumu. Nikanunua printa kuukuu ya Brother pale Kibuye, nikaosha katriji, nikajaza. Jamani! Saketi nzima ilitoka chini ya dakika moja, mistari inang'aa kama kijiko kipya. Nikaweka LED na betri ya kidonge, ikawaka hapo hapo. Hakuna dawa, hakuna harufu, hakuna kugombana na mtu.

Nikachapa bodi yote ya mashine. Kipima joto kinasoma sawa. Ila SIM800L inaanza, inapepesa mara chache, inakufa, inaanza tena. Nimebadilisha laini, nimebadilisha moduli, hali ni ile ile. Nimekosea wapi?

Rezista47
Swali la kwanza kabla ya yote. Relei inayowasha balbu za stima ya 240 nayo iko kwenye hiyo karatasi?

Vifaranga_KSM
Bado sijaiunga. Nilipanga kesho.

Mama_Lehemu
Kesho hiyo iahirishe mpaka kiama. Karatasi iliyopakwa fedha nyembamba, ndani ya sanduku la mbao lenye joto na unyevu, halafu upitishe stima ya nyumba? Utaangua moto badala ya vifaranga. Upande wa stima ya 240 uwe kwenye bodi ya kweli, mistari minene, na umbali wa kutosha kati ya mstari na mstari. Hilo halina mjadala.

Turudi kwa moduli. Mimi ni fundi wa redio na simu hapa Kakamega, hizo SIM800L zimenipitia mkononi nyingi. Ile taa yake ndogo inapepesa kila sekunde moja au kila sekunde tatu?

Vifaranga_KSM
Kila sekunde moja hivi. Tatu haijawahi kufika, mama.

Mama_Lehemu
Basi haijashika mtandao hata siku moja. Ikishika hutulia, inapepesa kila baada ya sekunde tatu. Hiyo moduli ni mpole ikiwa kimya, lakini ikitaka kuongea na mnara inavuta hadi ampea 2 kwa kufumba na kufumbua. Volti zikishuka chini ya 3.4 inajizima. Toa betri, weka multimita kwenye omu, pima toka pale betri inaposhikia hadi mguu wa umeme wa moduli. Leta namba.

Vifaranga_KSM
Omu 4.6. Nimepima mara tatu.

Kijana_wa_Maseno
4.6 ni ndogo sana jamani, hiyo si tatizo. Mimi nafikiri ni antena.

MwalimuWaFizikia
Kijana, 4.6 ni ndogo kwa nani? Kwa LED ni ndogo. Kwa ampea 2 ni ukuta. Ampea 2 mara omu 4.6 ni volti 9.2, na betri yenyewe ina volti 4.2 ikiwa imejaa. Maana yake hizo ampea 2 hazitafika kamwe. Moduli inaomba maji ya ndoo, wewe unampitishia kwa mrija wa soda.

Wacha nieleze hesabu yake kwa sababu wengi wanaouziwa wino huu hawaambiwi. Wino wa kuchapa haupimwi kwa omu tu, unapimwa kwa omu za kila mraba. Chukua mstari wako uukate miraba. Ukiwa na upana wa milimita 3 na urefu wa milimita 60, una miraba 20. Haijalishi mraba ni mkubwa au mdogo, omu zake ni zile zile mradi unene wa wino ni mmoja. Wino wa aina yako ukitoka vizuri una kama omu 0.2 kwa mraba. Mara 20, omu 4. Hizo 0.6 zilizobaki ziko kwenye maungio yako.

Bodi ya shaba ya kawaida ina shaba ya maikroni 35. Hiyo ni omu 0.0005 hivi kwa mraba. Mstari ule ule, miraba ile ile 20, unapata omu 0.01. Ampea 2 zikipita zinapoteza volti 0.02. Moduli haitajua hata kama kuna njia.

LED ilikudanganya, ndugu. Kwa betri ya kidonge inakula miliampea chache tu. Kwenye omu 4 haipotezi chochote cha kuonekana. Kila video ya wino huu inaanza na LED, na sababu ndiyo hiyo.

Kijana_wa_Maseno
Hapo nimenyooshwa. Lakini mwalimu, fedha si inapitisha umeme kuliko shaba?

MwalimuWaFizikia
Inapitisha, kwa asilimia chache tu, ikiwa ni fedha nzima kama pete. Huu wino si fedha nzima. Ni punje ndogo mno, kila moja imevikwa koti la kemikali ili zisigandamane ndani ya chupa. Karatasi yake maalumu ina dawa inayozivua koti mara zinapotua, ndipo zinashikana na kuanza kupitisha umeme, bila kuchomwa. Lakini zimeshikana kwa ncha tu, na tabaka lenyewe halifiki maikroni moja. Linganisha na 35 za shaba.

Vifaranga_KSM
Ndiyo maana! Siku ya kwanza nilijaribu kwenye karatasi ya kawaida ya fotokopi nikapata picha nzuri ya kijivu isiyopitisha kitu. Nikadhani wino umeharibika njiani.

Bondeni_Nakuru
Salamu kutoka Nakuru. Kwa hiyo kwa ufupi hii ni teknolojia ya maonyesho ya shule.

Mama_Lehemu
Usikimbilie kusema hivyo. Una kibodi ya kompyuta iliyokufa? Ifungue. Ndani utakuta karatasi za plastiki zenye mistari ya rangi ya fedha. Hiyo ni saketi iliyochapwa kwa wino, na ilikuandikia miaka. Panda Probox, tazama kioo cha nyuma, ile mistari inayoondoa ukungu ni fedha iliyochapwa na kuchomwa juu ya kioo. Tazama paneli ya sola juu ya paa lako, vile vistari vyembamba vya mbele ni fedha pia, imechapwa kwa kitambaa cha wavu kama fulana za kampeni. Watu wamekuwa wakichapa umeme kabla yetu. Ila wanajua wachape nini.

MwalimuWaFizikia
Mama amenikumbusha. Kuchapa ndiko kulikotangulia, ukitazama vizuri. Mwaka 1925 Mmarekani Charles Ducas aliomba hataza ya kupaka wino unaopitisha umeme juu ya kitu kisichopitisha, kupitia kiolezo. Paul Eisler, mzaliwa wa Austria aliyehamia London, alikuja katikati ya miaka ya 1930 na redio yenye saketi ya shaba, na njia yake ya kupaka kinga na kula shaba iliyozidi ndiyo iliyokuja kutawala dunia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wamarekani walichapa fedha juu ya vigae vya kauri kwa ajili ya fyuzi (viwashio) za makombora. Kwa hiyo hawa wawili, wa kuongeza wino na wa kupunguza shaba, wanagombana toka zamani.

Ila printa ya mezani kufanya hivyo bila tanuri, hilo ni la juzi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo, Georgia Tech na Microsoft Research walionyesha njia hiyo hiyo ya binamu yake Vifaranga, printa ya kawaida na wino wa fedha, vifaa vyote kwa dola kama 300.

Rezista47
Na kwa nini Brother? Mimi nina HP nyumbani.

MwalimuWaFizikia
Kichwa cha HP kinachemsha wino ili kuurusha. Brother na Epson wanausukuma kwa kijiwe kinachojikunja kikipewa umeme, wino haupikwi. Wino wa punje hizi unapenda kusukumwa. Na ukishajaza, chapa mara kwa mara. Ukiuacha wiki mbili kwenye kichwa cha printa, umenunua sanamu.

Kijana_wa_Maseno
Mimi sina binamu Japani 😂 Nimeona mtu mtandaoni anatengeneza wino mwenyewe kwa fedha naitreti na amonia. Maabara ya chuo ina vyote viwili. Mwingine anasaga kijiti cheusi cha betri kavu anachanganya na gundi.

MwalimuWaFizikia
Cha betri ni salama, saga upendavyo, ila utapata mamia na maelfu ya omu. Kinafaa kitufe cha kugusa, si zaidi.

Cha amonia nakuomba ukiache. Fedha naitreti na amonia vikichanganywa na kuachwa vikae, vinaweza kuzaa unga mweusi unaolipuka kwa kuguswa tu, hata ndani ya maji. Maabara hutumia mchanganyiko huo kupaka kioo fedha, na kanuni ni moja: tengeneza kidogo, tumia hapo hapo, mwaga siku hiyo hiyo. Hakuna kuweka chupani eti ni wino.

Bondeni_Nakuru
Mimi bado nauliza, kwa nini mtu mwaka huu anachoma bodi nyumbani? China bodi 5 za sentimita 10 kwa 10, pande mbili, zenye rangi na maandishi, ni dola 2. Agiza ulale.

Mama_Lehemu
Dola 2 ni za bodi. Usafiri je? Na mzigo ukikaa forodhani wewe unamwambia mteja nini? Mimi naagiza pia, nikishakuwa na hakika na mchoro, na nikitaka nyingi. Lakini mchoro wa kwanza una makosa daima. Ukiagiza kosa, unapata makosa matano yaliyopakwa rangi ya kijani.

Nikimaliza mchoro asubuhi, jioni bodi iko mezani. Wacha nieleze ninavyofanya, maana naona Vifaranga anateseka na mambo ambayo hayana haja.

Mchoro unatolewa kwa printa ya leza au fotokopi, si ya wino. Ile poda ni plastiki, ndiyo inayoyeyuka na kukinga shaba. Karatasi ni ya jarida linalong'aa; majarida ya ndege ni matamu kuliko yote. Shaba isugue kwa steelwool na sabuni mpaka maji yatandazike juu yake bila kujikusanya. Usiishike tena kwa vidole. Pasi iwe kavu, bila mvuke, moto mwingi, dakika tatu hadi tano, na ukandamize kingo. Tumbukiza majini, subiri karatasi ilegee, isugue kwa kidole gumba taratibu kama unamwosha mtoto uso. Andika neno kwenye kona ya mchoro kabla ya kuchapa. Kwenye karatasi lazima lisomeke kinyume. Likisomeka sawa, simama. Hilo lingekuokolea matundu yako 94.

Dawa isiwe ya moto wala baridi. Beseni la plastiki ndani ya beseni la maji ya moto, ifike kama nyuzi 40 au 50. Bodi ielee uso wa shaba ukiwa chini, uchafu uanguke wenyewe. Dakika kumi, kumi na tano, umemaliza. Dawa ile ile utaitumia tena na tena mpaka igeuke kijani na kuchelewa kula shaba.

Na tafadhali, mtu asiweke ferikloraidi kwenye sufuria. Sufuria zetu ni alumini. Itachemka na kufuka moshi mpaka itoboke, na majirani wataitana. Nimeshaona kwa macho, sitaji nyumba ya nani.

Vifaranga_KSM
Kumbe neno kwenye kona! Miaka minne, jamani.

Dunga_Pwani
Nimekuwa nikisoma kimya. Hakuna aliyesema dawa iliyochoka inaenda wapi. Mimi ni mvuvi, baba yangu mvuvi, na mitaro ya Manyatta na Nyalenda yote inashuka kwetu ziwani. Mtu akimwaga hiyo kijani kwenye sinki, sisi tunaipata Dunga.

Mama_Lehemu
Asante omera, umetushika pabaya. Shaba iliyoyeyuka ni sumu kwa samaki, hata kidogo. Nafanya hivi: dawa iliyochoka naihamishia kwenye ndoo kubwa ya plastiki, nje, naongeza magadi kidogo kidogo. Ndiyo, magadi yale yale ya kulainishia mboga. Itatoa povu jingi, ndiyo maana ndoo iwe kubwa. Povu likikoma naacha siku mbili. Matope yanakaa chini, maji yanakuwa juu hayana rangi. Yakiwa bado ya kijani au bluu, magadi hayajatosha. Matope nayakausha nachanganya na saruji, tofali moja kwa mwaka. Yako nyuma ya duka, natumia kuzuia mlango.

Vifaranga_KSM
Dunga_Pwani, nimekosa na nakubali. Mbili za mwisho nilimwaga chooni. Sitarudia.

Dunga_Pwani
Ngege, samaki wetu, wamekusikia.

Vifaranga_KSM
(wiki tatu baadaye)

Wakuu nimerudi na ripoti, maana uzi usio na mwisho unakera.

Kwanza nilijaribu ubishi. Nilichapa mstari wa umeme mara nne mmoja juu ya mwingine, na nikaupanua hadi milimita 10. Mwalimu, hesabu yako ni kweli: miraba ikawa 6 badala ya 20, na omu zikashuka chini ya 1. Moduli ikashika mtandao mara moja, ikapepesa kila sekunde tatu, nikarukaruka. Nilipojaribu kutuma ujumbe ikazima. Nikasalimu amri.

Nikataka pia kulehemu waya moja kwa moja juu ya wino. Lehemu ya kawaida iliimeza fedha mbele ya macho yangu, mstari ukapotea kama sukari kwenye chai, na karatasi ikavimba. Mama aliniambia kwa simu kwamba bati iliyoyeyuka inakula fedha. Kuna lehemu yenye bismathi inayoyeyuka kwa nyuzi 138 tu, lakini hapa Kisumu sikuipata. Nimebaki na gundi yenye fedha na vibanio.

Kwa hiyo umeme, SIM na relei vyote viko kwenye shaba. Nimechoma kwa njia ya mama, neno MANYATTA kwenye kona, likatoka sawa mara ya kwanza.

Lakini wino sikuutupa, na hapa ndipo napenda. Ndani ya mashine kuna trei ya maji ya kuleta unyevu. Wateja wanasahau kuijaza. Nimechapa vidole viwili vya fedha vinavyoingiliana kama chanuo mbili zinazokabiliana, havigusani. Maji yakipanda karibu navyo, kapasiti (uwezo wa kushika chaji) inabadilika, na chipu inasoma. Hakuna ampea hapo, hata omu 10 hazinisumbui. Umbo limenipasa kubadilisha mara sita hadi lisome vizuri. Mara sita! Kwa shaba ningetumia wiki na dawa lita moja. Kwa printa nilimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Karatasi nikaipeleka saiba ikalaminetiwa kama kitambulisho. Ya kwanza ilidumu siku tatu. Nikaiona imeota vijiti vyeusi kati ya kidole na kidole, kama mizizi.

MwalimuWaFizikia
Hiyo ni fedha inahama. Penye unyevu na volti, fedha huyeyuka upande mmoja na kuota upande wa pili. Maji yaliingilia wapi?

Vifaranga_KSM
Kwenye mkia, pale nilipokata plastiki karibu sana na mstari ili kuweka kibanio. Ya pili nimeacha ukingo wa sentimita moja pande zote, mkia uko juu ya maji, na programu inapeleka umeme wakati wa kupima tu, halafu inazima. Hiyo inaendelea hadi leo bila mizizi.

Bondeni_Nakuru
Sawa, nimekubali nusu. Mchoro wa bodi ya shaba utaniuzia? Nina mtu Njoro anataka mashine ya mayai 200.

Vifaranga_KSM
Subiri kwanza mayai haya yaangue, nisikuuzie makosa matano.

Mama_Lehemu
Yako siku ya ngapi?

Vifaranga_KSM
Ya 19. Jana nimeacha kuyageuza. Stima imekatika mara mbili wiki hii, na mara zote mbili simu imenipigia ujumbe kabla mke wangu hajawasha mshumaa.